Maisha ya Munganga Werner Forssmann, aliyefungua njia ya kufika ndani ya moyo



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wenye sifa, safari hii tunawaletea habari za munganga mmoja wa Udachi, Werner Forssmann. Kati ya wanganga wa moyo jina lake linajulikana dunia nzima, lakini hapa Buluo ni wachache wanaolijua. Tunataka kusema wazi tangu mwanzo ya kama tulibishana sana juu ya ukurasa huu. Katika kikundi chetu cha gazeti kuna waliosema huyu mtu asiandikwe hata kidogo, juu alikuwa memba wa chama cha Hitler. Wengine wakasema aandikwe, juu bila yeye watu mingi wangekufa. Jioni mbili zikapita hivyo. Mwisho mwalimu wetu wa biolojia akatushauri tuandike yote, mazuri na mabaya, halafu kila msomaji apime mwenyewe. Basi, njo vile tulivyofanya.

Moyo na kazi yake

Kabla ya kusimulia maisha yake, inafaa tukumbushane moyo ni kitu gani. Moyo wa mtu ni munene sawa na ngumi yake. Unapiga kama mara 70 kwa dakika, mchana na usiku, bila konji hata siku moja. Ni pompi. Sisi watoto wa Likasi tunajua pompi ni nini: mgodi usipokuwa na pompi ya kutoa maji, kazi yote inasimama. Moyo nao ukisimama, mtu amekwisha.

Ndani ya hiyo pompi kuna vyumba vinne na vilango vinne. Vilango hivyo vinafunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi nyuma. Tena kuna mishipa midogo inayozunguka moyo kwa inje na kuulisha moyo wenyewe, kwa sababu nyama ya moyo nayo inahitaji damu. Kuna watu wanaougua vilango: kilango kimekazana, hakifunguki vizuri, ao kimelegea na kinavuja. Kuna wengine wanaougua ile mishipa: mafuta yameganda ndani yake, damu haipiti. Na kuna watu, zaidi wazee, wenye magonjwa yote mawili kwa pamoja. Hao njo wagonjwa wagumu zaidi.

Zamani, mtu wa namna hii hakuwa na dawa. Baadaye, toka mwaka 1953, wakati mashini ya kushika kazi ya moyo na mapafu ilipotumika vizuri mara ya kwanza kule Marekani, wanganga waliweza kupasua kifua, kukata mfupa wa katikati toka juu mpaka chini, kusimamisha moyo, kubadilisha kilango na kutengeneza mishipa, halafu kuuamsha moyo tena. Kazi hiyo inaokoa watu mpaka leo. Lakini ni kazi nzito, na mzee dhaifu anaweza kushindwa kuivumilia. Kwa hiyo siku hizi, kwa wagonjwa wengi, wanganga wanapita kwa njia ndogo: wanatoboa tundu dogo katika mguu ao mkono, wanaingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, na mrija unafika mpaka kwenye moyo. Ao wanapasua pahali padogo kati ya mbavu, bila kukata ule mfupa.

Sasa, nani aliyethubutu wa kwanza kuonyesha ya kama mrija unaweza kuingia ndani ya moyo wa mtu mzima, na huyo mtu asikufe? Ni Werner Forssmann, na huyo mtu alikuwa yeye mwenyewe.

Utoto wake na masomo yake

Forssmann alizaliwa mjini Berlin tarehe 29 Agosti 1904. Alikuwa mtoto wa pekee. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, baba yake aliitwa kuwa askari, na mwaka 1916 akauawa vitani. Mtoto alikuwa na miaka kama 12. Mama yake akatafuta kazi, na nkambo wake akasaidia kumlea. Sisi tunaosoma hapa, wangapi kati yetu wanalelewa na mama na nkambo? Basi tunaweza kumwelewa.

Mwaka 1922 aliingia masomo ya uganga katika Universite ya Berlin. Siku zile Udachi ilikuwa katika shida kubwa ya pesa, na masomo hayakuwa mepesi kwa mtoto wa mjane. Hata hivyo alivumilia, na mwaka 1929 akapita mtihani wa serikali. Kisha akapata kazi ya mwanzo katika hospitali ndogo ya mji wa Eberswalde, si mbali na Berlin. Alikuwa kijana wa miaka kama 25, munganga wa chini kabisa, mwenye kutumwa na kila mukubwa.

Wazo lililomkaa katika kichwa

Katika kitabu kimoja cha masomo, Forssmann aliona picha ya kazi ya wataalamu wawili wa Ufaransa, Chauveau na Marey. Mwaka 1861 wale wawili waliingiza mrija katika mshipa wa shingo ya farasi, wakausukuma mpaka ndani ya moyo, na wakapima nguvu ya damu humo. Farasi alisimama tu, hakuanguka.

Forssmann akafikiri: kama farasi anavumilia, mtu naye atavumilia. Na kwa mtu hakuna haja ya kupita shingoni. Kuna mshipa katika kiwiko cha mkono, pale wanapotutolea damu, na mshipa huo unaenda moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha kuume cha moyo.

Hakuwaza jambo hili kwa ajili ya kuchezacheza. Siku zile, mgonjwa akizimia na moyo wake unasimama, wanganga walichoma sindano ndefu kwa kupitia kifua, ili dawa ifike ndani ya moyo. Sindano hiyo ilikuwa inapigwa bila kuona, na iliweza kutoboa pafu ao kupasua mshipa wa moyo. Forssmann alitaka njia ya kupeleka dawa moyoni bila kuumiza mtu. Lakini karibu wanganga wote wa wakati ule waliamini ya kama kitu chochote kikigusa moyo kwa ndani, moyo unasimama palepale.

Akaenda kumwomba munganga mkubwa wa hospitali, Richard Schneider, ruhusa ya kujaribu. Schneider alimpenda, lakini akakataa asijaribu kwa mgonjwa. Forssmann akaomba basi ajaribu katika mwili wake mwenyewe. Schneider akakataa tena. Alikuwa anajua mama ya huyo kijana ni mjane, na hakutaka kwenda kumpelekea habari ya kifo cha mtoto wake wa pekee.

Mwanzo Forssmann alijaribu na munganga mwenzake. Huyo alisukuma mrija katika mshipa wa Forssmann, ukafika sentimita 35, halafu akaogopa na kuacha. Forssmann akaona ya kama inabidi afanye peke yake.

Siku ya mrija

Vyombo vya kupasulia vilikuwa chini ya ulinzi wa mama muuguzi mmoja, infirmiye Gerda Ditzen. Bila yeye, hakuna chombo. Forssmann alianza kumweleza wazo lake siku baada ya siku, na kumwazima vitabu, paka Gerda naye akalipenda. Mwisho Gerda akakubali kumpa vyombo, tena akajitolea awe yeye mtu wa kwanza wa kuingizwa mrija.

Wasomaji, hapa njo pahali tulipobishana sana. Siku hiyo, katika majira ya joto ya mwaka 1929, saa ambayo wengine walikuwa wanapumzika kisha kula, Forssmann alimlaza Gerda juu ya meza ya kupasulia, akamfunga mikono na miguu, akampaka dawa katika mkono kana kwamba anamtayarisha. Kumbe, upande ambao Gerda hakuweza kuona, alijichoma mwenyewe dawa ya ganzi katika kiwiko cha kushoto, akapasua ngozi yake, akafungua mshipa, na kuanza kuingiza mrija mwembamba wa mpira. Ulikuwa mrija wa wagonjwa wa figo, kwa kuwa mrija wa moyo ulikuwa haujabuniwa bado. Gerda alipojua ya kama amedanganywa, mrija ulikuwa umekwisha kuingia.

Alikasirika. Lakini Forssmann alipomfungua, hakukimbia, wala hakumwacha. Walishuka pamoja mpaka katika chumba cha radio. Si radio ya kusikiliza habari, bali ile mashini ya kupiga picha ya mifupa. Forssmann alitembea kwa miguu yake mwenyewe, mrija ungali ndani ya mshipa wake. Akasimama nyuma ya kioo cha mashini, akashikiwa kioo cha kujitazamia apate kuona picha ya kifua chake, akaendelea kusukuma. Munganga mwenzake akaja mbio akitaka kuuvuta mrija utoke, na Forssmann akamfukuza kwa mateke ya miguu. Akasukuma mpaka sentimita 65. Mrija ulikuwa umefika ndani ya chumba cha kuume cha moyo. Picha ikapigwa, na picha hiyo ipo mpaka leo: unaona mstari mweusi unatoka katika mkono, unapita begani, unashuka mpaka moyoni.

Hakuanguka. Moyo wake haukusimama.

Munganga mkubwa Schneider alikasirika kwa kuwa amri yake imevunjwa. Lakini alipoona picha, alitambua ya kama jambo kubwa limefanyika. Akamruhusu Forssmann kutumia mrija kwa mgonjwa mmoja mwanamke aliyekuwa karibu kufa. Dawa iliyopita katika mrija ilifanya kazi vizuri kuliko ile ya kuchomwa kwa kawaida, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kumshinda yule mama, akafariki. Mwezi wa Novemba 1929, Forssmann akatoa maandiko yake katika gazeti kubwa la wanganga wa Udachi.

Kufukuzwa na kusahauliwa

Labda mnafikiri ya kama alipewa heshima palepale. Hapana. Alikwenda kutumika katika hospitali yenye sifa ya Charité mjini Berlin, chini ya Ferdinand Sauerbruch, fundi wa kupasua kifua aliyesifiwa kuliko wote katika Udachi. Maandiko yalipotoka, magazeti ya mji yakapiga kelele, na Sauerbruch akaona kazi hiyo ni michezo ya kuchekesha watu, si kazi ya hospitali ya heshima. Forssmann akafukuzwa.

Alirudi Eberswalde. Hakuacha. Aliendelea na majaribio kwa mbwa na kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1931 alitoa habari za kitu kingine kipya: alipitisha katika mrija dawa inayoonekana katika picha ya radio, ili chumba cha moyo kionekane. Picha hazikuwa safi, mashini za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutosha, lakini njia ilikuwa nzuri.

Hata hivyo hakuna mukubwa aliyempa nafasi ya kufanya kazi hiyo kwa bidii. Akachoka. Akaacha mambo ya moyo, akajifunza kupasua figo na kibofu, na akaoa munganga mwenzake, Elsbet Engel, mwaka 1933. Walizaa watoto sita.

Jambo la aibu

Mwaka 1932, mwaka mmoja mbele ya Hitler kushika utawala, Forssmann alijiandikisha katika chama cha Hitler. Hakulazimishwa siku ile, juu Hitler hakuwa na utawala bado. Alibaki ndani ya chama mpaka chama kilipovunjwa mwaka 1945. Wakati wa vita vya pili alikuwa munganga wa jeshi, akapanda mpaka cheo cha meja, na mwisho wa vita akakamatwa na Waamerika.

Ni lazima tukumbushane chama kile kilikuwa nini. Kilifundisha ya kama kuna mataifa ya watu yenye bei kubwa na mengine yasiyo na bei. Kiliua Wayahudi milioni sita. Watu weusi nao walihesabiwa kuwa chini. Hata wanganga wa chama hicho walitumia wafungwa kwa majaribio, kama vile mtu anavyotumia panya. Kisha vita, mwaka 1946 na 1947, watu 23 walihukumiwa katika mji wa Nuremberg kwa ajili ya mambo hayo, wengi wao wanganga. Forssmann hakuwa kati yao. Wahakimu waliandika masharti kumi ya kufuata katika majaribio kwa watu, na la kwanza kabisa ni kwamba mtu akubali mwenyewe, kwa hiari yake, akijua kitu kitakachofanyika.

Tuliposoma hilo sharti, wadada wa kikundi chetu walitukumbusha mara moja habari ya Gerda juu ya meza. Gerda alikubali jambo moja, akafanyiwa jambo lingine. Ni kweli, Forssmann alichukua hatari kwa mwili wake, si kwa mwili wa Gerda, na hiyo ni tofauti kubwa sana na wale wa Nuremberg. Lakini kumfunga mtu kwa hila bado ni hila. Vijana wengine walicheka mwanzo, kisha wakanyamaza.

Kwa sababu ya chama chake, kisha vita Forssmann alikatazwa kwa miaka kadhaa kutumika kazi yake. Mke wake ndiye aliyekuwa munganga wa kijiji katika milima ya kusini ya Udachi, naye akamsaidia. Mwaka 1950 alipata kazi ya kupasua figo katika mji mdogo wa Bad Kreuznach. Hakuna aliyemjali tena.

Namna kazi yake ilivyofufuka

Kumbe, mbali na yeye, kazi yake ilikuwa hai. Katika mji wa New York, wanganga wawili walisoma maandiko ya 1929: André Cournand, mzaliwa wa Ufaransa, na Dickinson Richards, Mwamerika. Toka mwaka 1941, katika hospitali ya Bellevue, walionyesha ya kama mrija ndani ya moyo wa mgonjwa unaweza kupima nguvu ya damu na hewa iliyomo, bila hatari kubwa. Kwa mara ya kwanza munganga aliweza kujua kwa hakika kilango gani kimeharibika, na kwa kiasi gani, mbele ya kushika kisu.

Mwaka 1956, zawadi ya Nobel ya uganga ilitolewa kwa watu watatu: Cournand, Richards, na yule munganga wa figo wa Bad Kreuznach. Zilikuwa zimepita miaka 27 toka siku ya mrija. Mwaka 1958 aliitwa kuongoza kazi ya upasuaji katika hospitali ya Kiprotestanti ya mji wa Düsseldorf, akatumika huko mpaka uzee. Kurudi kwa mambo ya moyo hakuweza tena: elimu ilikuwa imemwacha nyuma, naye alilijua hilo. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha maisha yake. Alifariki tarehe 1 Juni 1979, mwenye miaka 74. Kilichomwua ni ugonjwa wa moyo.

Wale waliofuata njia yake

Njia ilipokwisha kufunguliwa, wengine walipita. Mwaka 1958, Mason Sones kule Cleveland, Marekani, aliweza kupiga picha ya ile mishipa midogo inayolisha moyo. Mwaka 1977, katika mji wa Zurich, munganga Andreas Grüntzig aliweka puto dogo kwenye ncha ya mrija, akalifikisha pahali mshipa ulipokazana, akalijaza, mshipa ukafunguka. Mgonjwa alikuwa macho wakati wote. Baadaye wakaongeza kijibomba cha wavu wa chuma, kinachobaki ndani ili mshipa usijifunge tena.

Vilango navyo vikafuata. Mwaka 1982, Kanji Inoue wa Japani alitumia puto kufungua kilango kilichokazana, bila kupasua kifua. Na mwaka 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, Alain Cribier aliingiza kilango kipya chote, kilichokunjwa juu ya mrija, akakifungulia ndani ya moyo wa mgonjwa ambaye hakuweza kupasuliwa.

Sasa turudi kwa yule mzee mwenye magonjwa mawili, kilango kibaya na mishipa iliyoziba. Leo wanganga wanakaa pamoja, yule wa mrija na yule wa kisu, wanatazama picha na kupima nguvu za mgonjwa. Kama mzee ana nguvu na mishipa mingi imeharibika, wanaweza kuchagua kufungua kifua na kutengeneza yote kwa siku moja. Kama ni dhaifu, wanaweza kwanza kufungua mshipa kwa mrija na puto, kisha kutengeneza kilango kwa tundu dogo kati ya mbavu, ao kuweka kilango kipya kwa mrija vilevile. Njia ndogo si bora kwa kila mtu, na ina hatari zake: mrija unaweza kutoboa mshipa, damu inaweza kuganda na kwenda kichwani. Lakini mtu aliyeambiwa zamani arudi nyumbani kungoja kifo, leo anaweza kurudi nyumbani kwa watu wake kisha siku chache.

Na sisi hapa kwetu?

Mnaweza kusema: hayo ni mambo ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kule Ulaya vilango vya moyo vinaharibika zaidi kwa wazee. Hapa Afrika vinaharibika kwa watoto na vijana, wa umri wetu sisi. Inaanza na kitu kidogo: koo linauma, mtoto ana homa. Kuna mikrobu fulani ya koo ambayo, isipotibiwa, inaweza kuleta kisha wiki chache maumivu ya viungo, goti leo, kiwiko kesho. Maumivu yanapita, watu wanasahau. Lakini moyo unaweza kuwa umeumizwa, na kila mara ugonjwa unaporudi, vilango vinaharibika zaidi. Miaka inapita, kijana anaanza kukosa pumzi akipanda mlima, miguu inavimba, na watu wa mtaa wanaanza kusema eti amelogwa.

Ugonjwa huo njo uleule ambao puto la Inoue linaweza kusaidia, kilango kikiwa kimekazana. Na hakuna haja ya kwenda Ulaya tu. Kule Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015, inayofanya kazi za mrija na za kupasua. Kule Kenya, hospitali ya misioni ya Tenwek inapasua vilango vya vijana wa vijijini. Lakini ni mbali na ni pesa mingi. Dawa iliyo karibu na rahisi ni penisilini, inapotolewa mapema na munganga. Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzetu, koo likikuuma pamoja na homa, usinywe tu maji ya chumvi na kunyamaza. Nenda lopitalo. Na kama umepata kuvimba viungo zamani, waambie, hata wasipokuuliza.

Tunapima namna gani?

Sasa turudi kwa ubishi wetu. Karibu na mji wetu kuna Shinkolobwe, sote tunajua. Katika mawe ya pale Wabelgiji walitoa radiumu, ikatumika katika hospitali za Ulaya kutibu kansere. Katika mawe yaleyale ilitoka uraniumu ya bomu lililoangushwa juu ya Hiroshima mwaka 1945. Mmoja wetu alileta mfano huo, akasema ya kama Forssmann ni kama Shinkolobwe. Mwingine akamjibu ya kama jiwe halichagui, lakini mtu anachagua. Tuliona jibu hilo ni la kweli.

Basi hatumwandiki Forssmann kama mtakatifu. Alikuwa na moyo wa kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya wagonjwa asiowajua. Miaka mitatu baadaye moyo huohuo haukumwonya alipotia jina lake katika chama cha wauaji. Bado hatujapatana sote juu ya jambo lipi ni zito zaidi. Wanne kati yetu wanasema kazi yake imemwokoa katika kumbukumbu ya watu, watatu wanakataa.

Lakini juu ya jambo moja tumepatana. Katika masomo tunajifunza majina ya waliopewa zawadi, na mara nyingi tunaishia hapo. Tunaomba jina la Gerda Ditzen nalo likumbukwe hapa Buluo. Yeye alishika ufunguo wa vyombo, alijitolea bila kudanganywa na mtu kwanza, na alipodanganywa hakumwacha mgonjwa wake ashuke ngazi peke yake. Hakuna aliyempa zawadi.

Kama una wazo lako juu ya ubishi huu, andika kwenye karatasi, utie ndani ya sanduku la gazeti letu karibu na ofisi ya prefe wa masomo. Tutayachapa majibu katika gazeti linalofuata.

Tunawatakia masomo mema.

Kikundi cha gazeti